MALI TUIPENDAYO: TUIWEKE AU TUIUZE?

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Amma baad. Ndugu Waislamu, tunakuusieni, nasi tukijiusia nafsi zetu, kumcha Mwenyezi Mungu.

Katika Surat Swad tumehadithiwa habari za Nabii Sulaiman (A.S.), alipoonyeshwa jioni farasi wazuri wa mbio. Wafasiri wengi husema walimshughulisha hata jua likatua. Farasi wa zama zetu ni motokaa. Huko Marekani, katika miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970, viwanda viliunda magari ya injini kubwa zenye nguvu nyingi, na yaliyobakia hutafutwa kama vito. Magari ya Plymouth Hemi 'Cuda ya mwaka 1971, yale ya paa la kukunjika, yaliundwa 11 tu. Mwaka 2014 moja liliuzwa mnadani Seattle kwa dola milioni 3.5.

Basi Muislamu wa nchi hiyo aliyejaaliwa gari adimu, aliweke au aliuze? Kupenda kizuri si haramu. Lakini na ayapime mambo matatu.

Kwanza, haki za watu. Mwenye deni lililofika wakati wake, au watoto wanaokosa matumizi, naye gari amelifunika turubai bandani, ameipa haki kisogo. Huyo na auze.

Pili, nia yake aliponunua. Gari la kutumia mwenyewe halina Zaka. Bali alilolinunua ili aliuze kwa faida ni bidhaa ya biashara: likitimiza kiwango, kila mwaka wa Kiislamu hutolewa fungu moja katika 40 ya thamani yake, hata kama halijauzwa.

Tatu, akiuza aseme kweli. Gari lenye injini yake ya asili, nambari zikiafikiana, thamani yake si sawa na ya lililobadilishwa injini. Mtume (S.A.W.) aliingiza mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta umaji chini, akamkemea muuzaji aliyeuficha. Injini ya badala ikifichwa, hukumu yake ni hiyo hiyo.

Asiyedaiwa, aliyetoa lililo wajibu, na aliweke kwa shukrani, maadamu halimpitishi wakati wa Sala.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie mali isiyotusahaulisha haki Zake wala haki za waja Wake. Amin.