Mkuki wa Robota za Nyasi



Wenzetu wa mashamba ya Naro Moru na Timau hutuletea mkuki wa trekta, ule wa kudungia robota za nyasi kavu, umevunjika shinani. Wanataka tuunge palepale kwa moto. Tunakataa. Sisi wa reli twajua: chuma kigumu kikipata moto kisha kikapoa upesi, huwa kama kigae. Robota ya mviringo yaweza kupita kilo 200; ikianguka, humwangukia mfanyakazi, si tajiri.

Basi na ununuliwe mkuki mpya. Moto tupige kwenye bomba la kuushikilia tu. Mkuki uingie humo, ukazwe kwa nati nyuma. Tuongeze miiba miwili mifupi kandoni, robota isizunguke. Tajiri akilalamikia gharama, tumwendee pamoja.