Mwelekeo wa Babati na Kura Isiyopigwa



Mji wa Babati haukupata kuwa mji wa kabila moja wala wa kazi moja. Barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Arusha imeupitia, kando ya ziwa lenye viboko, na Wagorowa wenye asili ya hapo wamekwisha changamana na Wairaqw, Wambugwe, Warangi, Wabarabaig na wachuuzi wa kila upande. Hata hivyo, kila uchaguzi umalizikapo hawakosekani wajuao wa kutamka kwamba watu wa mji huu ni wa chama fulani, kana kwamba siasa ni chanjo achanjwayo mtu utotoni. Historia ya sehemu hizi yaikataa kauli hiyo.

Mwaka 1960, Babati ikiwa bado ndani ya wilaya ya Mbulu, TANU ilitwaa viti 70 kati ya 71 vya Baraza la Kutunga Sheria, na viti 58 vilipita bila kupingwa. Kiti pekee kilichoponyoka ni hicho cha Mbulu. Chifu Amri Dodo, mgombea rasmi wa chama, alishindwa na Herman Sarwatt, ambaye naye alikuwa mwana-TANU ila alisimama bila baraka za chama. Itakuwa ni kuwasingizia wapiga kura wa Mbulu kusema kwamba waliukataa Uhuru. Chama walikikubali; mtu walijichagulia wenyewe.

Kasoro ya viti kupita bila kupingwa ilionwa mapema. Katika uchaguzi wa mwaka 1965, chini ya chama kimoja, wananchi waliwekewa wagombea wawili wa ubunge, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine ya nyumba. Mfumo huo ulikuwa na mipaka yake, kwani Rais alipigiwa Ndiyo au Hapana tu. Lakini hata Waziri wa Fedha, Ndugu Paul Bomani, aliangushwa na wapiga kura wake.

Kijiji kidogo mno cha Marekani chaweza kulitia nuru jambo hili. Katika Dixville Notch, jimboni New Hampshire, wapiga kura wachache hukusanyika usiku wa manane na kura kuhesabiwa papo hapo mbele yao. Mwaka huohuo wa 1960 kura zote 9 zilimwendea Nixon. Mwaka 2020 zote 5 zilimwendea Biden, na mwaka 2024 zikagawanyika tatu kwa tatu. Kijiji ni kilekile.

Huko sanduku li mlangoni. Hapa kwetu kuna mfugaji aliyehama na ng'ombe wake huku jina lake likibaki katika daftari la kituo cha mbali, na kuna kijana aliyejiandikisha Babati kisha akaenda kutafuta riziki Arusha. Hao wasiitwe wavivu. Lakini umbali peke yake hauelezi kwa nini, nchini kote, waliopiga kura walikuwa asilimia 42.8 ya walioandikishwa mwaka 2010, wakapanda hadi asilimia 67.3 mwaka 2015, kisha wakashuka hadi asilimia 50.7 mwaka 2020. Barabara hazikurefuka katika miaka hiyo. Mwaka 2015 ushindani ulikuwa mkali, na mtu aliona kwamba kura yake yaweza kugeuza jambo.

Babati Mjini yenyewe iligeuza. Jimbo lililokuwa la CCM, chini ya Ndugu Kisyeri Chambiri tangu 2010, mwaka 2015 lilikwenda kwa Ndugu Pauline Gekul wa CHADEMA. Mwaka 2018 mbunge huyo alijiuzulu na kujiunga na CCM, ikapasa uchaguzi urudiwe. CHADEMA ilikuwa imekwisha tangaza kutoshiriki chaguzi ndogo, ikilalamikia jinsi zilivyoendeshwa, na Ndugu Gekul akapita bila kupingwa.

Basi mwelekeo wa Babati mwaka huo usomwe wapi? Aliyekaa nyumbani siku ya kura walau ametoa ishara, hata kama ni ya kuchoka. Mwaka 2018 hata ishara hiyo haikupata nafasi, kwa maana hapakufunguliwa kituo. Mkulima wa Bonga na mchuuzi wa Bagara, waliomtuma bungeni kwa tiketi ya chama kimoja, hawakuulizwa kama nao wamehama pamoja naye.