Skafu ya Mgeni Rasmi

Nenda kwenye sherehe yoyote ya hadhara, iwe uzinduzi wa zahanati au mahafali ya darasa la saba, utawakuta. Wamesimama juani tangu asubuhi, soksi zimepandishwa hadi magotini, na mgeni rasmi anaingia saa nne na nusu. Msichana mmoja mdogo anasogezwa mbele, anapiga saluti, anamvalisha mgeni skafu, makofi yanapigwa, picha inapigwa. Anarudi mstarini. Na kwa vikundi vingi, shughuli ya mwaka ndiyo imekwisha hivyo.

Sina ugomvi na skafu. Saluti safi inapendeza, na mtoto anayeizoea hujifunza kusimama mbele za watu bila magoti kugongana. Ila nauliza: Jumatatu ikifika na skafu zimeshafuliwa, mabinti hao wa Girl Guides wanafanya nini? Ukiuliza shuleni, jibu la kawaida ni mazoezi ya gwaride. Yaani wanajiandaa kwa mgeni mwingine.

Kinachonikera ni kwamba chama hiki hakikuzaliwa kwa kumpokea mtu. Mwaka 1909 Robert Baden-Powell aliitisha mkutano mkubwa wa maskauti wavulana pale Crystal Palace, London. Katikati ya maelfu ya wavulana wakatokea wasichana wachache waliojivalia kiskauti, ambao hakuna aliyewaalika, wakataka nao wahesabiwe. Mwaka uliofuata chama chao kikaundwa, akakabidhiwa Agnes, dada yake Baden-Powell, akilee. Tanganyika kilifika katika miaka ya 1920, na Baden-Powell mwenyewe amezikwa hapa jirani, Nyeri, Kenya, tangu 1941. Waliolianzisha jambo hili, basi, ni watoto wa kike waliojipeleka wenyewe. Sisi tukawapanga mstari, tukawaambia wasubiri mgeni.

Sasa utaniuliza, mtoto wa miaka 8 umpe mradi gani? Mimi ningeanza na kibuyu chirizi.

Kwa asiyekijua, ni dumu la lita 5 lililoning'inizwa kwenye mti uliolala juu ya nguzo mbili zenye panda. Dumu lina tundu dogo karibu na mdomo, na kamba inayoshuka hadi kwenye kijiti cha kukanyaga. Ukikanyaga, dumu linainama, maji yanachirizika, unanawa bila kushika chochote. Sabuni inatobolewa na kutundikwa pembeni. Chini unamwaga kokoto, pasigeuke tope. Gharama yake ni ndogo kuliko soda za meza kuu.

Tazama yaliyomo humo. Kuna mafundo: lazima wajue fundo linaloshika dumu lililojaa na bado likafunguka ukilitaka. Kuna kipimo: mtu mzima akiachiwa atalitundika juu mno, lakini binti wa miaka 8 atamwita wa darasa la kwanza asimame pale, anyooshe mikono, ndipo apime. Kuna kuchagua mahali, karibu na choo na si karibu na ofisi ya mwalimu mkuu ambako wageni wataliona. Msumari wa moto wa kutobolea dumu aushike mtu mzima. Mengine yote wanayaweza.

Lakini kazi yenyewe huanza wiki ya pili. Sabuni imeibwa. Kamba imekatika. Dumu limekauka tangu Jumanne kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake amelijaza. Hapa mwalimu mwenye huruma hutoa fedha mfukoni, ananunua sabuni nyingine, na bila kukusudia anakuwa amelifunga somo. Angewaacha wakae chini ya mwembe wajadiliane. Chama hiki tangu zamani huwagawa watoto katika vikundi vidogo, wale wadogo kabisa sita sita, kila kikundi na kiongozi wake ambaye ni mtoto mwenzao. Ugawaji huo uliwekwa kwa ajili ya asubuhi kama hii. Nani atajaza maji, siku gani? Sabuni tuitundike ndani ya wavu? Tumkabidhi kila siku mtu mmoja? Wakikosea zamu, wiki ijayo watairekebisha. Watachelewa, ndiyo, na shule itanawa kwa shida siku chache. Mimi naona hiyo si hasara.

Mradi wa pili unawagusa waliofika miaka 10 na kuendelea, nao ni kushona taulo za kike za kufua. Mnakumbuka serikali yetu iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo hizo mwaka 2018, kisha mwaka 2019 ikairudisha, kwa maelezo kwamba bei dukani haikushuka. Wakati wakubwa wakihojiana kuhusu bei, binti anakosa kipindi. Kipande cha pamba laini, kitambaa kisichopitisha maji, kifungo cha kubana, sindano na uzi: hivyo vinatosha. Kushona ni rahisi kuliko kuanika. Taulo ya kitambaa inataka sabuni, maji safi na jua kali, na sisi tumewazoesha mabinti kuificha chini ya godoro ikiwa mbichi. Kikundi kinachothubutu kufunga kamba yake ya kuanikia nyuma ya darasa, mahali penye jua na stara, kimefanya jambo kubwa.

Najua wapo watakaosema hayo ni ya shangazi na somo, hayahusu shule. Ningekubali, shangazi angekuwepo. Shangazi yuko Mwanza, binti yuko Mbagala, na mama anarudi kutoka sokoni saa mbili usiku.

Nigusie fedha, maana ndipo miradi mingi huharibika. Marekani, mwaka 1917, kikundi kimoja cha maskauti wa kike katika mji wa Muskogee, Oklahoma, kilioka biskuti na kuziuza kwenye shule ya sekondari ili kulipia shughuli zao. Leo biskuti za maskauti wa kike zinajulikana nchi nzima kule. Kwetu mabinti wanaweza kuuza kashata, ubuyu, au mchicha walioulima wenyewe kwenye magunia. Nina sharti moja tu. Daftari la fedha liandikwe na wao, na matumizi yapigiwe kura na wao. Mtoto anayeuza kashata halafu hela ikaingia kwenye mfuko asioujua anafanya umachinga bila mshahara, hata akivaa sare.

Kambi? Waanze na usiku mmoja kwenye uwanja wa shule, walezi wanawake wawepo wa kutosha, barua za wazazi ziwe zimesainiwa. Mzazi anayesita kumtoa binti yake usiku ana sababu zake, asibezwe. Akikataa usiku, mpeni mchana: mafiga matatu, ugali na dagaa, kurudi nyumbani saa kumi na moja.

Wakuu wa shule husema hawana jengo wala fungu. Chama cha dunia cha wasichana hawa kina vituo vitano vya kimataifa. Kipo cha Uswisi, cha Mexico, cha India na cha London. Cha Afrika kinaitwa Kusafiri, jina la kwetu kabisa, nacho hakina jengo: shughuli zake huhama kutoka nchi hadi nchi, zikipokewa na wenyeji. Kama kituo cha bara zima kinaendeshwa bila kuta, kikundi cha watoto 18 kitashindwaje chini ya mwembe?

Kinachokosekana ni watu. Mwalimu mlezi mara nyingi ni mmoja, ana vipindi vya kujaza wiki nzima, ana zamu, na amepewa pia michezo na kwaya. Tusimwongezee lawama. Mama mwenye cherehani pale mtaani aende akafundishe pindo. Nesi aliyestaafu aende na bandeji, awaonyeshe namna ya kufunga mkono uliovunjika. Fundi bomba, hata akiwa mwanamume, aende mchana kweupe mlezi akiwepo, awafundishe kubadilisha washa ya bomba linalovuja. Jumamosi moja kwa mwezi, kuanzia saa tatu hadi saa tano, inatosha kwa kuanzia. Nenda kwa mwalimu mkuu kwanza, jitambulishe, uliza kikundi kinakutana lini. Akikujibu kwamba kinakutana mgeni rasmi akija, mwombe akuruhusu uzungumze na mabinti wenyewe.