SANAA INAYOFAHAMIKA KWA KUTEMBEWA
(Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi)





Mara nyingi huulizwa: sanamu isiyokuwa na sura ya mtu wala ya mnyama ina maana gani, na kwa nini iwekwe mahali pa umma? Jawabu moja linapatikana katika mji wa Târgu Jiu, nchini Romania.

Tarehe 14 Oktoba, 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wazee, wanawake na vijana wa mji huo walilihami daraja la mto Jiu lisitekwe na jeshi la Ujerumani. Katika miaka ya 1930 jumuiya ya wanawake wa mkoa wa Gorj ilimtaka msanii Constantin Brâncuși, mzaliwa wa mkoa huo huo, atengeneze kumbukumbu ya mashujaa wa vita hivyo. Hakuchonga askari wala bunduki. Alitengeneza njia.

Njia hiyo huanzia kando ya mto, penye meza ya jiwe ya duara iliyozungukwa na viti 12, iitwayo Meza ya Kimya. Wahenga walisema kuwa kimya kina mshindo mkuu. Kutoka hapo mtembezi hupita chini ya Lango la Busu, hukata mji, kisha huwasili kwenye Nguzo Isiyo na Mwisho. Nguzo hiyo ya chuma, iliyozinduliwa mwaka 1938, ina kimo cha mita 29 na ushei. Vipande vyake ni vya umbo moja, kimoja juu ya kingine, na cha juu kabisa ni nusu tu. Jicho hulazimika kuendelea na safari angani. Kikao, kivuko, kuondoka: dunia ni mapito, na maana hiyo humfikia hata asiyejua kusoma.

Sanaa ya namna hii haidumu bila ya matunzo. Vipande vya nguzo vilishushwa mwaka 1996, na matengenezo yakakamilika mwaka 2000. Mwaka huo huo wa 2000 Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Kazi za Târgu Jiu zikafuatia mwaka 2024.

Funzo ni moja. Mji Mkongwe nao hufahamika kwa kutembewa: kichochoro, baraza, mlango, kisha Forodhani na bahari. Kichochoro kinapozibwa kwa vifusi au bidhaa, na baraza linapovunjwa, simulizi ya wazee hukatika njiani. Kulilinda jengo bila ya kuilinda njia yake ni kulinda nusu ya urithi. Wenye dhamana na wakaazi wote wanaombwa kuziacha njia wazi.