Emma Raducanu na deni la ushindi wa mapema

Msikilizaji, Septemba 2021 mjini New York, Emma Raducanu wa Uingereza alitwaa taji la US Open akiwa na miaka 18. Alianzia raundi za mchujo, akashinda mechi 10 bila kupoteza hata seti moja. Tangu mashindano makubwa ya tenisi yafunguliwe kwa wachezaji wa kulipwa mwaka 1968, hakuna aliyeanzia mchujo akatwaa taji kabla yake.

Kwa nini jambo hili likuhusu wewe mwenye mtoto mwenye kipaji? Tazama kilichofuata. Makocha walipokezana, na mwaka 2023 alipasuliwa vifundo vya mikono yote miwili na kifundo cha mguu.

Wapo wanaosema mikataba ya matangazo ilimpotezea umakini, na kubadili makocha kila mara hakujengi mchezaji. Hilo la makocha nakubaliana nalo. Lakini, kwa upande wa pili, mwili unaouma hautibiwi kwa lawama, na binti huyu amerudi uwanjani kila mara.

Swali nakuachia, msikilizaji: kijana akishinda mapema, tumpe muda gani wa kukua kabla ya kumdai tena?