Njia ya Kuwa Afisa Utumishi: Hotuba kwa Wananchi wa Kata


Mwalimu anapopandishwa daraja, muuguzi anapoomba likizo, mtendaji wa kijiji anapostaafu, jalada lake hupita mezani kwa Afisa Utumishi. Kiti hicho vijana wetu nao wanakiweza. Wapo wanaoanzia masjala, wakiwa na cheti cha utunzaji wa kumbukumbu kutoka Chuo cha Utumishi wa Umma. Wengine husomea shahada ya rasilimaliwatu, kama ile ya Chuo Kikuu Mzumbe. Nafasi hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maombi hutumwa kwa mtandao bila malipo. Basi mzazi asiuze mbuzi ili amlipe dalali wa ajira. Fedha hizo zilipe ada ya kijana: dalali hutoroka, cheti hakimtoroki mwenyewe.