Nyumba ya mwenzetu mikononi mwetu
Maneno yaliyosemwa Uvira mbele ya wanachama wanaojiandaa kusimamia nyumba za kupangisha



Tumeombwa tuseme juu ya sheria ya mwenye nyumba na mpangaji. Kabla ya sheria tutasema kosa letu, maana wengi wenu mlilisikia nusu-nusu sokoni, na wafadhili wetu wana haki ya kulisikia lote.

Kuna mwanachama wetu aliyekuwa nasi kambini Nyarugusu, kisha akahamishiwa Marekani. Akatuma franga kidogo kidogo, akajenga nyumba hapa Uvira, akatuachia tuisimamie. Tukampangisha mama mmoja na batoto wake kwa dola 40 kwa mwezi. Tukaomba garanti ya miezi sita, sawa vile kila mtu anaomba hapa, dola 240. Mama akalipa yote. Baadaye biashara yake ya samaki ikaanguka, miezi minne ikapita bila malipo. Mwenye nyumba anapiga simu kila juma. Sisi tukakaa, tukaamua: waende vijana, watoe mlango.

Wakaenda, wakatoa mlango. Mama akasema tu: “Miye sina fasi ya kwenda na batoto.” Usiku ule mvua ikanyesha, godoro ikalowa, na mufuko wa unga pia.

Asubuhi mama hakuja kwetu kugombana. Alienda ofisi ya Habita. Tukaitwa. Yule mtumishi alituuliza neno moja la kwanza: garanti ilikuwa miezi mingapi? Tukajibu sita, tena kwa sauti ya mtu anayejua haki yake. Akaweka kalamu chini.

Sasa tufungue sheria yenyewe. Ni sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, juu ya nyumba zinazopangishwa bila kuwa za biashara. Kwa nyumba ya kulala watu, garanti haipaswi kupita miezi mitatu. Haijalishi katye nzima inaomba sita, wala mpangaji mwenyewe akikubali. Kwa hiyo kati ya zile dola 240, dola 120 hatukuwa na haki ya kuzishika. Tulipopiga hesabu pale mezani, miezi mitatu ya deni la mama ilikuwa tayari imelipwa, na sisi ndio tulikuwa nayo. Alikuwa na deni la mwezi mmoja tu. Kwa mwezi mmoja, dola 40, tuliacha watoto walale bila mlango.

Na hata kama angedaiwa miezi kumi, mlango ule haukuwa wetu kuutoa. Katiba yetu ya 2006, kipengele cha 29, inasema makao ya mtu hayaingiliwi ovyo. Mpangaji akiisha kuingia, yale ni makao yake, hata kama kiwanja ni cha mwingine. Kumtoa ni kazi ya sheria: kwanza barua ya onyo, kisha ofisi ya Habita ijaribu kupatanisha, na ikishindikana iandike kwamba imeshindikana, ndipo mambo yanaenda tribinali ya amani. Kutoa mabati, kukata maji, kubadilisha kufuli mtu akiwa sokoni, kuita polisi rafiki yako: hizo zote haziko njia. Tunajua zinafanyika kila siku hapa. Tulizifanya sisi.

Tulilipa mlango, godoro na unga, dola 85. Zilitoka kwenye kasha la mabati ya wajane, na wajane wawili wakangoja msimu mzima wa mvua. Tumeomba msamaha kwao. Tunawaambia wafadhili pia, ili wasikie kutoka kwetu.

Mtauliza, watu wazima namna gani hawakujua? Wengi wetu tulikulia kambini. Kule unaonyeshwa kiwanja, unajenga kwa udongo, hakuna loye, hakuna kontra. Tuliporudi kwa mashua toka Kigoma hadi Baraka, kuanzia mwaka 2005, tulikuta nyumba zimeanguka au zina watu wengine ndani, na sisi ndio tukawa wapangaji. Tulijifunza upangaji kwa kuonewa, halafu tulipopata nyumba tukafanya yale yale tuliyofanyiwa. Neno moja hapa pembeni: tumezoea Kiswahili cha Tanzania kuita malipo ya nyumba “kodi”. Kwenye vitabu vyetu tuandike loye, maana kodi ni ile ya Serikali, na mwenye nyumba anadaiwa nayo pia, ile ya mapato ya loye inayolipwa kwa jimbo. Msimamizi akichanganya hayo maneno mawili, siku moja atachanganya na franga zake.

Tuje kwenye kazi yenu. Jamaa zetu wa Marekani wanasema kule, katika majimbo mengi, mtu hawezi kusimamia nyumba za wengine kwa malipo bila kusoma, kufanya mtihani na kupata leseni. Hapa komisioneri anahitaji simu na viatu tu. Anakuonyesha chumba, anachukua chake, hamumuoni tena. Sisi hatutaki hivyo, ndiyo maana mafunzo haya.

Kwanza jua unasimamia nyumba ya nani. Mtu akija na fishi ya parsele na karatasi ya mauzo iliyosainiwa mbele ya shefu, mheshimuni, lakini jueni kuwa hiyo haitoshi. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, bulongo ni ya Serikali. Mtu anapewa haki ya kuitumia, na haki hiyo inathibitishwa na sertifika ya kuandikishwa. Kwetu sisi tuliokimbia, jambo hili ni moto. Kiwanja kimoja kinaweza kuwa na aliyekimbia, aliyebaki na aliyenunua kwa aliyebaki, na wote watatu wanasema kweli. Mkiona mgogoro kama huo, msipokee nyumba. Mwambieni mwenye kuleta amalize kwanza.

Halafu mwenye nyumba aliye mbali aandike prokirasio inayosema wazi mnachoweza kufanya: kupokea loye, kutengeneza, kusaini kontra, na mnapata kiasi gani kwa kazi hiyo. Simu ya WhatsApp haiko prokirasio.

Kontra iandikwe, na ipelekwe Habita ikapigwe muhuri. Siku ya kuingia, tembeeni na mpangaji chumba kwa chumba, muandike hali ya nyumba: kitasa kimevunjika, ukuta una ufa, bati lina tundu. Bila karatasi hiyo, siku ya kutoka ni kelele tupu, na garanti, ambayo ni mali ya mpangaji mpaka ithibitike ameharibu kitu, haitarudi kwa amani. Kila malipo yana risiti. Matengenezo makubwa ni ya mwenye nyumba, madogo ya kila siku ni ya mpangaji.

Mama mmoja ameuliza juu ya mafuriko. Tunakumbuka wote Aprili 2020, Mulongwe ilivyobeba nyumba. Sheria ya mikataba, ile ya zamani ya 1888 ambayo bado tunaitumia, inajibu: nyumba ikiangamia yote kwa jambo lisilo la mtu, kontra imekufa yenyewe, hakuna anayemdai mwenzake fidia. Ikibomoka sehemu, mpangaji anaweza kuomba loye ipunguzwe au kontra ivunjwe. Wale waliodai loye ya Mei kwa nyumba iliyokuwa tope, hawakuwa na haki.

Yule mama bado anakaa pale. Mlango ni mpya, na kontra yake ina garanti ya miezi mitatu. Mwenye nyumba alikasirika sana, tulimtumia sheria yenyewe aisome, akanyamaza siku nne, kisha akajibu: “Sawa.” Siku ya Alhamisi wote mnaosimamia nyumba za wenzetu mlete kontra zenu hapa ofisini, hata zile zilizoandikwa kwenye karatasi ya daftari. Tutazisoma moja moja, na zile zenye garanti ya sita tutaanza nazo.